Kiharusi: saa huanza kuhesabiwa nyumbani

Miaka kadhaa iliyopita, mwalimu mwenzangu wa Hisabati alikuwa akiandika ubaoni katika kipindi cha tatu cha asubuhi chaki ilipomponyoka. Aliinama akaiokota, nayo ikamponyoka mara ya pili. Wanafunzi walicheka, kwa maana alikuwa mtu wa mizaha, wakadhani huo ni mmoja wa mizaha yake. Alipogeuka ili awakemee, maneno yalimtoka yamevurugika, na upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa umelegea. Hapo ndipo kicheko kilipokatika.

Tulimkokota hadi chumba cha walimu tukamlaza juu ya benchi. Mmoja wetu alisema ni uchovu wa kusahihisha mitihani. Mwingine alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Mimi binafsi, na jambo hili ninaliungama hadharani kwa mara ya kwanza, nilimtuma mwanafunzi dukani akanunue soda, nikidhani sukari imemshuka. Soda yenyewe ilimpalia, nusura tumuue kwa huruma. Mkewe alipofika, jamaa walikaa kitako kushauriana iwapo apelekwe kuombewa kwanza au hospitalini, na wazee wawili walishikilia kwamba huo ni upepo mbaya usiotaka sindano. Kufikia magharibi tulikuwa bado tunatafuta gari. Mwenzetu alifika katika hospitali yenye mashine ya skani kesho yake adhuhuri, yapata saa 26 tangu chaki ianguke. Daktari aliyempokea alitueleza kwa upole kwamba liliwezekana jambo, lakini wakati wake ulikuwa umepita. Aliishi, ila hakurudi tena darasani.

Kisa hicho hunirudia kila nisomapo habari za utafiti mpya kuhusu kiharusi, majeraha ya kichwa na kudhoofika kwa akili. Habari hizo ni nyingi siku hizi, na aghalabu huandikwa kana kwamba zinawahusu watu wa mbali wenye hospitali za vioo. Msomaji wetu huzipitia kama apitiavyo habari za safari za mwezini. Mimi naona kwamba anakosea, na kosa lenyewe si lake peke yake. Karibu kila ushindi uliopatikana katika miaka 30 iliyopita umefungwa kwenye saa, na saa hiyo huanza kuhesabiwa pale mgonjwa alipoangukia, jikoni, shambani au darasani, mbele ya watu wasiokuwa madaktari.

Hebu tuanze na kiharusi chenyewe. Kipo cha aina mbili. Katika aina ya kwanza, bonge la damu iliyoganda huziba mshipa unaopeleka damu ubongoni, na sehemu iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa huo huanza kufa. Katika aina ya pili mshipa hupasuka, damu ikavujia ndani ya ubongo. Dalili za nje hufanana mno, hata daktari hodari hawezi kuapa kwa kuangalia tu kwamba hii ni ile au ile. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua uhai wa mtu, maana dawa ya kuyeyusha bonge ikipewa mtu anayevuja damu humwangamiza. Ndiyo sababu skani ni lazima itangulie dawa. Wale wanaouliza kwa nini wauguzi wa zahanati hawadungi sindano tu mgonjwa anapofika, jibu ni hilo.

Kabla ya mwaka 1995 hapakuwa na dawa iliyothibitishwa ya kuizibua mishipa hiyo. Daktari alimlaza mgonjwa, akampima, akasubiri. Desemba mwaka huo yakachapishwa matokeo ya jaribio lililogharimiwa na taasisi ya serikali ya Marekani ishughulikiayo maradhi ya neva. Wagonjwa walikuwa 624. Baadhi walipewa alteplase (majina ya dawa nayaandika kama yaandikwavyo kwenye pakiti), na wengine wakapewa dawa bandia. Wote walitibiwa katika muda wa saa 3 tangu dalili zianze. Miezi 3 baadaye, waliopata dawa ya kweli walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kubaki bila ulemavu au wakiwa na ulemavu mdogo tu. Mwaka 1996 Marekani ikaiidhinisha. Mwaka 2008 jaribio la Ulaya lilisogeza mpaka hadi saa nne na nusu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha miongoni mwa dawa za lazima kwa tiba ya kiharusi, na mwezi wa Machi 2025 Marekani ikaidhinisha nduguye, tenecteplase, ambayo hutolewa kwa sindano moja ya mara moja badala ya kutiririshwa mshipani kwa muda wa saa nzima. Jambo hilo laweza kuonekana dogo. Lakini fikiria mgonjwa anayepaswa kuhamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine kwa barabara zetu, akiwa na dripu inayoning'inia garini, na utaona kwamba si dogo hata kidogo.

Kwa nini haraka yote hiyo? Mwaka 2006 daktari Mmarekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu ambayo walimu wa Baiolojia wangefaa kuibandika ukutani. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba na mgonjwa asitibiwe, kwa wastani hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Kwa kila saa ipitayo, ubongo wake huzeeka kwa miaka 3.6. Wanafunzi wasikimbilie kuzidisha hesabu hiyo kwa saa 26 za mwenzangu. Saver alikadiria kwamba kiharusi cha namna hiyo huchukua wastani wa saa kama 10 kukamilisha uharibifu wake. Kwa maneno mengine, wakati sisi tulipokuwa tukibishana habari za upepo mbaya, kazi ilikuwa ikiendelea, na tulipopata gari ilikuwa karibu kumalizika.

Ushindi wa pili ulikuja mwaka 2015. Majaribio matano, la kwanza likiwa la Uholanzi lenye wagonjwa 500, yalionyesha kwamba bonge kubwa laweza kunaswa na kuvutwa nje kwa mrija mwembamba unaopitishwa mshipani kuanzia kwenye kinena hadi ubongoni. Matokeo ya majaribio hayo yalipojumlishwa mwaka 2016, ilionekana kwamba kwa kila wagonjwa watatu hivi waliotibiwa kwa njia hiyo, mmoja alipunguziwa ulemavu. Katika elimu ya tiba hizo ni hesabu za kustaajabisha, kwani dawa nyingi tunazomeza kila siku huhitaji kumezwa na makumi ya watu ili mmoja wao anufaike. Mwaka 2018 ikathibitishwa tena kwamba baadhi ya wagonjwa, wale ambao picha zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya ubongo bado haijafa, wanaweza kusaidiwa hata baada ya saa 6, wengine hadi saa 24. Nimewasikia watu wakiifasiri habari hiyo kwamba sasa mtu anaweza kungoja hadi kesho. Hiyo ni tafsiri ya hatari. Waliosaidiwa walikuwa wamechaguliwa, na aliyetibiwa mapema bado ndiye aliyefaidi zaidi.

Najua msomaji wangu wa Garissa au Kitui ameanza kutikisa kichwa. Mashine hizo ziko wapi? Wataalamu hao ni wangapi? Swali ni la haki, nami sitalikwepa. Lakini kwanza nieleze utafiti mwingine usiotangazwa kwa mbwembwe, ambao kwa hali yetu huenda ukawa na manufaa makubwa zaidi.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa zaidi ya 7,000 wa kiharusi cha kuvuja damu, katika nchi 10 ambazo karibu zote ni za kipato cha chini au cha wastani. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine ya ajabu. Wauguzi na madaktari walifuata utaratibu mmoja kwa pamoja tena upesi: kushusha shinikizo la damu katika saa ya kwanza ya matibabu, kudhibiti sukari, kupunguza homa, na kuondoa nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda kwa wale waliokuwa wakizitumia. Uwezekano wa matokeo mabaya ulipungua kwa asilimia 14. Barani Afrika sehemu kubwa zaidi ya viharusi ni vya aina hii ya kuvuja kuliko ilivyo Ulaya, kwa hivyo somo hilo latuhusu sisi kuliko wao. Vivyo hivyo, imejulikana kwa miaka mingi kwamba mgonjwa anayelazwa katika wodi maalumu ya kiharusi, yenye wauguzi na watu wa mazoezi ya viungo waliofunzwa kwa kazi hiyo, ana nafasi bora ya kuishi na kurudi nyumbani kuliko anayetupwa katika wodi ya mchanganyiko. Kutenga chumba, vitanda sita na wauguzi wachache si kazi inayongoja mkopo wa Benki ya Dunia.

Majeraha ya kichwa nayo yana somo lao, na ni somo la unyenyekevu. Kwa miongo kadhaa madaktari duniani kote waliwapa wengi wa walioumia vichwa dawa za kotikosteroidi, wakiamini kwa nia njema kwamba zinapunguza uvimbe wa ubongo. Jaribio kubwa lililoitwa CRASH, lenye wagonjwa 10,008, lilitoa matokeo yake mwaka 2004: waliopewa dawa hizo walikufa zaidi ya waliopewa dawa bandia, asilimia 21 dhidi ya 18 katika majuma mawili ya kwanza. Miaka mingi ya nia njema ilikuwa imezika watu. Ninapomsikia mtu akisema kwamba dawa fulani haihitaji kujaribiwa kwa sababu imetumika tangu enzi za babu zetu, au kwa sababu profesa fulani ameisifu, hulikumbuka jaribio hilo.

Watafiti wale wale hawakukata tamaa. Mwaka 2019 walichapisha jaribio la CRASH-3, lililowahusu watu 12,737 katika nchi 29. Safari hii walijaribu asidi ya tranexamic, dawa ya bei nafuu inayozuia damu kuendelea kuvuja, iliyobuniwa nchini Japani katika miaka ya 1960 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke kwa ajili ya akina mama wanaotokwa na damu nyingi. Tuseme ukweli wote: kwa wagonjwa wote kwa jumla, tofauti ya vifo vya majeraha ya kichwa ilikuwa ndogo na isiyo ya yakini. Walioumia vibaya mno hawakuonyesha nafuu. Lakini kwa wenye majeraha madogo na ya wastani, dawa ikitolewa katika saa 3 za kwanza, vifo vilipungua, na kadiri ilivyotolewa mapema ndivyo ilivyofaa zaidi. Tumerudi palepale kwenye saa.

Hapa petu kichwa huvunjwa sana na bodaboda. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki wanaogongwa au kuanguka kwa takriban asilimia 69, na vifo kwa asilimia 42. Hakuna dawa ya ubongo iliyowahi kubuniwa na binadamu yenye nguvu kama hizo. Sheria yetu ya trafiki inamtaka dereva na abiria wake wavae. Nendeni nje ya lango la shule yoyote saa kumi na moja jioni mkahesabu wanafunzi walioketi watatu watatu vichwa wazi, nyuma ya dereva aliyeiangika helmeti yake kwenye usukani.

Kwa kuwa ninawaandikia walimu, niongeze neno moja juu ya raga na kandanda. Mwanafunzi aliyegongwa kichwa akapigwa na bumbuwazi, hata kama hakuzirai, asirudishwe uwanjani siku hiyo, iwe ni fainali ya kaunti au ya mbinguni. Zamani tuliambiwa kwamba baada ya hapo alazwe katika chumba chenye giza hadi apone kabisa. Makubaliano ya wataalamu yaliyotolewa baada ya mkutano wa Amsterdam wa mwaka 2022 yanashauri vingine: apumzike kwa siku moja au mbili, kisha aanze kutembea na kusoma kidogo kidogo, akiongeza kwa hatua kadiri dalili zinavyomruhusu. Mwalimu anayemwona mtoto huyo akishindwa na hesabu alizokuwa akizimudu juma lililopita asimwite mvivu.

Je, na aliyekwisha kupooza? Huko nako utafiti umefagia imani nyingi. Jamaa wa mgonjwa hupenda kumwinua kitandani siku ile ile ili viungo visigande. Jaribio la mwaka 2015 lililowahusu wagonjwa 2,104 lilionyesha kwamba wale waliosukumwa kuinuka mapema mno na mara nyingi, kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza, walikuwa na matokeo mabaya kidogo kuliko walioinuliwa kwa utaratibu wa kawaida. Mwaka 2018 matumaini kwamba dawa ya sonona, fluoxetine, ingerudisha nguvu za viungo yalivunjwa na jaribio la Uingereza lenye wagonjwa zaidi ya 3,000: haikuwarudishia nguvu, na iliwaongezea kuvunjika mifupa. Nchini India, mwaka 2017, wagonjwa 1,250 katika hospitali 14 walishiriki jaribio la kuona kama jamaa wakifunzwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani atapona vyema zaidi. Baada ya miezi 6 hapakuwa na tofauti. Habari hiyo ilinihuzunisha, kwa sababu ndiyo njia ambayo maskini wote wa dunia huitegemea. Isimvunje moyo mke au binti anayemhudumia mgonjwa wake. Maana yake ni kwamba serikali haiwezi kumbebesha binti kazi ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kisha iseme imetimiza wajibu.

Yapo pia yaliyofaulu. Mwaka 2006 jaribio la Marekani lenye wagonjwa 222, miezi 3 hadi 9 baada ya kiharusi, lilithibitisha mbinu ya kuufunga mkono mzima kwa majuma mawili ili ule uliodhoofika ulazimike kufanya kazi, pamoja na mazoezi makali kila siku. Mikono ilirudisha uwezo, na nafuu hiyo ilidumu kwa angalau mwaka mmoja. Lakini mbinu hiyo huwafaa wale tu ambao mkono dhaifu bado una uhai kidogo wa kujongea.

Nije sasa kwenye akili yenyewe. Kiharusi hakiibi mguu na mkono pekee. Uchambuzi wa watafiti wa Oxford wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kiasi cha mgonjwa mmoja kati ya 10 hupatwa na ugonjwa wa kusahau, yaani demensia, muda mfupi baada ya kiharusi cha kwanza, na zaidi ya thuluthi moja hupatwa nao baada ya kiharusi kurudi. Dunia ya magharibi imeshangilia dawa mpya za Alzheimer, hasa lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu nchini Marekani Julai 2023. Dawa hiyo ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 katika miezi 18. Haikurudisha kilichopotea. Ilitoka na bei ya dola 26,500 kwa mwaka, na anayeitumia hupaswa kupigwa picha za ubongo mara kwa mara kwa kuwa yaweza kusababisha uvimbe na kuvuja damu. Siibezi, ni mlango uliofunguka baada ya kufungwa kwa muda mrefu. Ila nayalinganisha hayo na jaribio la mwaka 2019, lililowahusu zaidi ya watu 9,000 nchini humo humo, ambapo kushusha shinikizo la damu hadi chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza kudhoofika kidogo kwa akili, ile hali inayotangulia demensia, kwa asilimia 19. Vidonge vya shinikizo la damu ni vya kale, na vingi bei yake ni nafuu.

Tena mwaka 2024 tume ya wataalamu wa jarida la Lancet ilikadiria kwamba takriban asilimia 45 ya demensia duniani inafungamana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, majeraha ya kichwa, kisukari, kutosikia vizuri, na, walimu wenzangu sikilizeni, elimu duni utotoni. Mtoto anayebaki shuleni hujiwekea akiba ya ubongo atakayoitumia akiwa na miaka 70. Sijawahi kusikia chama chochote cha walimu kikiitaja hoja hiyo katika madai ya mishahara.

Hivyo basi adui mkubwa ana jina, nalo ni shinikizo la damu. Utafiti wa INTERSTROKE wa mwaka 2010 katika nchi 22 ulilitaja kuwa kinara wa visababishi vya kiharusi. Utafiti wa SIREN, uliofanywa na Waafrika katika Ghana na Nigeria chini ya Profesa Mayowa Owolabi na kuchapishwa mwaka 2018, uliwalinganisha wagonjwa zaidi ya 2,000 na watu wazima wa afya wa idadi kama hiyo, ukapata jibu lilo hilo, na kuongeza chumvi inayonyunyizwa mezani na uhaba wa mboga za majani. Sukuma wiki tunayoionea haya mbele ya wageni imepata wakili. Humu nchini, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 24 ya watu wazima wana shinikizo la juu, na asilimia 56 walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani. Bandu bandu huisha gogo: mishipa hutafunwa miaka 15 kimyakimya, kisha siku moja chaki inaponyoka.

Wala hatuna udhuru wa kusema hatujui dawa ipi itufae. Mwaka 2019 jaribio lililofanywa katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, lilionyesha kwamba kwa Waafrika weusi michanganyiko ya vidonge viwili yenye amlodipine ndani yake hushusha shinikizo vizuri zaidi kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 waliokabidhiwa mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu. Huo ulikuwa uamuzi mwema. Swali langu ni je, mhamasishaji akimkuta mama mwenye shinikizo la 180 kijijini na kumwelekeza zahanati, atavikuta vidonge rafuni mwezi huu, na mwezi ujao, na mwezi utakaofuata? Ugonjwa wa maisha hautibiwi kwa dawa ya msimu.

Na lile swali la skani? Huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti tangu 2013. Sidai kila kaunti iwe na wataalamu wa kuvuta bonge kwa mrija. Ninachodai ni kidogo: kila kaunti itangaze wazi ni hospitali ipi yenye skani inayofanya kazi usiku na mchana, ni nani wa kuisoma picha saa nane za usiku, na ni nambari gani ya simu italeta gari. Karatasi moja yenye majibu hayo matatu ikibandikwa katika kila chumba cha walimu, kila kanisa na kila msikiti, ingeokoa ubongo mwingi kuliko semina zetu zote.

Upande wa pili wa karatasi hiyo ziandikwe dalili. Mwaka 1998 madaktari na wahudumu wa ambulensi wa Newcastle, Uingereza, walitunga kipimo chepesi ambacho kwa Kiswahili kinaingia katika maneno manne: uso, mkono, usemi, saa. Mwambie mgonjwa atabasamu, uone kama uso umependa upande. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie arudie sentensi fupi, uone kama usemi umevurugika. Moja tu likitokea, itazame saa, uandike dalili zilianza lini, na uondoke naye. Usimpe chakula wala kinywaji.

Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyajua hayo. Mjini New York, Daktari Olajide Williams wa Chuo Kikuu cha Columbia alitunga mafunzo ya kiharusi kwa nyimbo za hip hop na katuni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, lililohusu shule 22 na watoto zaidi ya 3,000, watoto wanne walizitambua dalili hizo kwa watu halisi wakaita ambulensi, na mmoja wao alifanya hivyo huku mzazi akisema wangoje kidogo waone. Sisi huwafundisha wanafunzi wetu kuuchora moyo na vyumba vyake vinne, tukawapa alama kwa unadhifu wa mchoro. Darasa lile la Hisabati lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 40, na ndio waliouona uso ukilegea kabla yetu sote. Hakuna aliyekuwa amewaambia maana yake.

Juma lililopita nilimtembelea mwenzangu nyumbani kwake, nikamsomea makala haya kabla ya kuyatuma kwa mhariri. Anatembea kwa mkongojo, na maneno humjia moja moja, tena kwa jasho. Alisikiliza hadi mwisho, macho yake yakiwa kwenye mkono wa kulia uliolala pajani. Kisha akanitazama, akahangaika na ulimi wake kwa muda, akalipata neno alilokuwa akilitafuta. "Soda," alisema, na akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo.